Saa Iliyorudishwa Nyuma

Waliompachika jina la Sindano hawakutazama umbo lake. Mwili alikuwa nao wa kutosha, wala hakuuonea haya. Walitazama ulimi. Mshonaji yule alikuwa na mdomo wa kumtoboa mtu na kumwacha akicheka, na hata wateja waliokuja kudai nguo zilizochelewa walijikuta wakiomba radhi wao.

Lakini wiki ile ulimi ulikuwa umelazwa. Mama wa mchumba wake alikuwa amekuja kukaa siku saba kwa mwanawe, yeye na shangazi mtu, "kumwona huyo binti na kujua kama tutaelewana." Mabegi yalikuwa matatu. Mawili yalijaa sufuria.

Mama huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini. Alistaafu, mikono ikakataa. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, alimtokea Sindano dukani kwake na chupa ya chai, keki na mayai ya kukaanga.

"Ahsante mama, lakini mimi naanza kula saa sita."

"Saa sita ya wapi?"

"Ya mchana. Nakula kuanzia saa sita mpaka saa kumi na mbili jioni. Hapo katikati ya jioni na mchana wa kesho yake nakunywa maji tu."

Mama alimtazama kama aliyeambiwa nyumba hii haina paa. "Na hiyo ni dini gani?"

"Si dini, mama. Daktari ndiye..."

"Daktari abaki na njaa yake. Kula, mwanangu, chai inapoa."

Siku hiyo alikataa. Siku ya pili aibu ilimshinda, akanywa. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alijichukulia mwenyewe, nalo lilikuwa mwiko. Usiku wa siku ya tatu Sindano aliitwa kula saa tatu, akaongezwa sahani mara mbili, shangazi akiwa ameketi mbele yake anamhesabia vijiko. "Kula bwana, au mchuzi wetu una kasoro?" Akala. Nani angekataa, na kile chakula kilivyonukia?

Siku ya nne aliamka na kinywa kikavu kama chaki. Alipoketi kwenye cherehani, tundu moja la sindano lilionekana mawili. Kabla ya saa nne alikuwa ameshaunga mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi upande wa kulia.

Hapo aliogopa kwelikweli. Miezi minane nyuma alikaribia kufunga duka. Sukari ilikuwa imempanda bila yeye kujua, na dunia nzima ikawa na ukungu. Daktari alimpima, akampangia saa zake za kula, akamwonya kuwa utaratibu huo si wa kila mtu na kwamba kila mwezi arudi apimwe. Kwake ulikubali. Macho yalirudi polepole. Mshonaji asiyeona tundu la sindano hana kazi, na Sindano hakuwa na mjomba wala baba wa kumlisha.

Katika miezi ile ya ukungu ndipo mapenzi yalipoingia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kijana mtengeneza saa, watu wakimwita Fundi Saa. Asubuhi moja alileta suruali ya kupunguzwa, akamkuta Sindano analia na uzi mkononi. Hakuuliza kitu. Alivaa kile kioo chake cha jichoni cha kukuzia, akatunga uzi kwenye sindano ishirini na kuzichomeka kwenye kimto. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Miezi miwili mfululizo alikuwa akitunga sindano ishirini kabla ya kufungua duka lake mwenyewe. Mwanamke gani angepona?

Kwa hiyo jioni ya siku ya nne alimweleza yeye. "Mwambie mama yako. Nikisema mimi naonekana najidai. Wewe ni mwanawe, wewe unajua."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho, kabla ya chakula. Niamini, mpenzi."

Alimshika mkono na kumtazama. Fundi Saa alikuwa na macho yaliyozoea kutazama vitu vidogo kwa upole, na yakikutulia unajiona umeonekana wote. Sindano akaamini.

* * *

Siku ya tano ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Chakula cha kumpokea mkwe kilipangwa saa kumi jioni. Sindano alifika saa tisa, akaacha mkoba wenye simu chumbani, akajifunga kanga kiunoni na kuingia jikoni kumenya viazi. Jiko lile lilikuwa na kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani, na wao walikuwa watatu, na mazungumzo hayakukatika. Kuku akiwa nusu kuiva, mtungi wa gesi ukaisha. Fundi Saa alitumwa, akazunguka maduka matatu, akarudi akihema na mtungi begani.

"Ni saa ngapi?" Sindano alimuuliza.

"Bado mapema. Usijali."

Walipotoka kuandaa meza, mapazia ya sebuleni yalikuwa yamefungwa na taa imewashwa. Ukutani ilining'inia saa kubwa ya mbao, ambayo mama alipewa siku aliyostaafu na sasa inakaa kwa mwanawe. Ilionyesha saa kumi na moja kasorobo. Sindano akashusha pumzi. Kumbe muda upo tele.

Wali, kuku wa mchuzi, viazi, maharage. Mama alipakua kwa mkono wa mtu aliyelisha watoto mia nne. Sindano alikula, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikula kwa raha. Hata shangazi alitabasamu, akanyoosha mkono kuchukua chumvi, na kifungo cha gauni lake kikadondoka kwenye bakuli la maharage.

"Mkwe yupo!" shangazi alicheka. "Leo nimepata fundi wa bure."

"Lete, shangazi. Dakika moja tu."

Sindano hatembei bila sindano. Mbili hukaa zimechomekwa kwenye upindo wa gauni lake siku zote. Akachomoa moja, akavuta uzi uliozungushiwa ile ya pili na kusogea dirishani, maana uzi mweusi unataka mwanga wa nje. Akafungua pazia, akainua mkono.

Tundu halikuonekana.

Akalamba uzi na kujaribu tena. Hakuna. Akaisogeza sindano mbali, akaileta karibu. Uzi ulipita pembeni, ukapita pembeni tena. Yamekwenda, alijiambia. Macho yangu yamekwenda tena. Aliwaza gauni la bibi harusi, kodi ya duka, zile asubuhi za kulia peke yake. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka na vijiko vikigonga sahani.

Kisha akatazama nje. Mwenye duka la vitabu alikuwa anashusha mlango wake wa chuma. Taa ya barabarani ilikuwa inawaka. Mawingu ya upande wa magharibi yalikuwa yameshapoteza wekundu.

Sindano alijua mwanga kama mama yule alivyojua chumvi. Kazi yake yote ilipimwa kwa mwanga. Macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Kilichokwisha kilikuwa mchana.

Aligeuka na kuitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja na dakika kumi. Kisha akamtazama mchumba wake, na mchumba wake akatazama sahani.

"Sasa hivi ni saa ngapi?" aliuliza.

"Si saa hiyo hapo?" shangazi alijibu. "Imekuwaje, mwanangu?"

"Simuulizi shangazi. Namuuliza fundi wa saa."

Fundi Saa alisukuma sahani. "Saa kumi na mbili na... na dakika arobaini."

"Umeirudisha nyuma."

"Gesi ilichelewa, mpenzi. Nikaona kama ukiangalia saa hutakula, na mama amesimama jikoni tangu asubuhi. Nikasema siku moja tu. Nilitaka amani."

"Ulimwambia mama yako kuhusu saa zangu?"

Fundi Saa aliokota punje ya wali mezani.

"Nakuuliza. Ulimwambia?"

"Nilikuwa nitamwambia."

Mama aliweka mwiko chini. "Kuniambia nini?"

"Mama," Sindano alisema, "mimi nina sukari. Ilipanda mpaka nikawa sioni. Huyu mwanao ndiye aliyekuwa akinitungia uzi. Kilichonirudishia macho ni hizo saa zangu za kula. Sikuzipanga kwa kujidai wala kwa kukudharau. Wiki hii nimezivunja mara tatu kwa kukuonea aibu, na jana nimeharibu gauni la watu."

"Ina maana chakula changu ni sumu?"

"Chakula chako ni kitamu kuliko chochote nilichowahi kuweka mdomoni. Hapo ndipo penye shida yangu na wewe."

Shangazi alibetua midomo. "Vijiko vichache baada ya saa, ndiyo imekuwa kesi? Huyu akiolewa hapa atatupangia hata kupumua."

Siku nyingine Sindano angenyamaza. Wiki nzima alikuwa amenyamaza, na kunyamaza ndiko kulikomfikisha dirishani pale.

"Vijiko havina kesi, shangazi. Kesi ni ya mtu aliyeniacha nisimame pale nikidhani nimekuwa kipofu, yeye anatafuna paja la kuku. Na kama kuolewa hapa ni lazima nipofuke kwanza, basi siolewi. Mniondolee sahani."

"Sindano!" Fundi Saa alisimama.

"Kaa. Bado naongea na wakubwa." Akamgeukia mama. "Mama, pale shuleni, mwanafunzi akija jikoni kabla ya kengele ulimpa chakula?"

Mama alikunja uso. "Sikumpa."

"Akija baada ya kengele?"

"Sikumpa hata ukoko."

"Hata akilia?"

"Hata akilia. Ukimpa mmoja leo, kesho wanakuja mia."

"Basi mimi kengele yangu hulia saa sita, na hulia tena saa kumi na mbili. Sina nyingine."

Mama alisogeza mwiko pembeni. Alichukua kitambaa cha mkono na kuanza kukikunja, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama bahasha.

Fundi Saa alimfuata Sindano mpaka mlangoni. Koridoni pale palikuwa pembamba, na walisimama karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Mwili wa Sindano ulitaka kumwegemea. Hilo lilimkasirisha zaidi.

"Nisamehe," alinong'ona. "Nyote wawili nawapenda. Nilikuwa katikati."

"Mama yako amenilisha kwa mapenzi. Wewe umenilisha kwa uongo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa saa ya namna ile hairudishwi nyuma, inasukumwa mbele tu, ukiirudisha unaiumiza. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi sikiliza. Nami nakufungisha saumu. Kuanzia sasa mpaka kesho saa sita mchana usinipigie, usinitumie ujumbe, usinisalimie hata kwa mkono. Mimi kila siku nasubiri masaa kumi na nane ndipo nile. Wewe nisubiri mimi mara moja tu. Ukishindwa, usije tena."

"Na nikiweza?"

"Ukiweza, njoo tuone."

Akaondoka. Alilia njiani, machozi ya hasira na ya mapenzi yakiwa yamechanganyika.

* * *

Asubuhi alifumua mkono wa lile gauni na kuanza kuuunga upya. Simu aliiweka mezani, kioo juu. Haikulia. Kila dakika ambayo haikulia ilimfurahisha na kumuumiza. Mtu huyu, ambaye kabla ya saa mbili asubuhi huwa ameshatuma salamu tatu na picha ya kikombe cha chai, leo kimya.

Saa tano na nusu kivuli kilijaa mlangoni. Alikuwa mama, na sufuria iliyofungwa taulo mikononi, mfuko wa sahani na mwiko begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sijaja kukulisha. Nimekuja kungoja kengele." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaiweka sufuria magotini. Harufu ya kuku wa jana ilitoka kwenye taulo na kuanza kulizunguka duka. Sindano alikanyaga cherehani kwa nguvu.

Baadaye kidogo mama akasema, "Hukutakiwa kunihoji mbele ya wifi yangu kama mwanafunzi."

"Hapo nilikosea adabu, mama. Nisamehe. Nilichosema sikifuti."

"Sikukwambia ukifute." Mama alisugua goti. "Mwanangu alikesha na simu mkononi. Akaniuliza, mama, nikimtumia salamu tu, salamu tupu? Nikamwambia kengele haijalia."

Sindano alijifanya anatafuta mkasi. Hakutaka mama aone uso wake. "Sasa yuko wapi?"

"Si yule pale."

Kweli, yule. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara mbele ya duka lake ambalo hakulifungua, mikono nyuma. Hakupunga. Alitazama tu. Hata kwa umbali ule Sindano aliyahisi yale macho yakimtulia usoni, shingoni, kwenye vidole. Akajichoma kidole.

"Mwanangu anaungua na jua," mama alisema.

"Ana kofia."

"Hiyo saa yako ya ukutani ni yeye aliyekupa?"

"Ni yeye."

"Isogeze mbele. Dakika kumi na tano tu. Nani atajua?"

Sindano aliitazama saa. Ilikuwa ndogo, yenye fremu ya bluu, zawadi ya siku aliyotunga uzi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mkono mrefu ulikuwa kwenye tisa. Kusogeza kidole kimoja tu, na yule mtu angevuka barabara. Moyo wake ulikuwa umeshavuka zamani. Alisimama, akapanda kigoda, akaligusa kioo kwa ncha ya kidole.

Kisha akafuta vumbi lililokuwa juu ya fremu na kushuka.

"Mimi nitajua," alisema.

Mama alimtazama bila kutabasamu. "Haya," alisema. "Sasa tunaelewana."

Zikiwa zimebaki dakika tano lori la maji lilisimama barabarani, likaziba mbele yote. Lilipoondoka, Fundi Saa hakuwepo.

Sindano alisimama na gauni mkononi. Dakika nne. Tatu. Ameshindwa, aliwaza. Masaa kumi na nane karibu yote, amekuja kushindwa mlangoni. Mama naye alikuwa amenyanyuka nusu kwenye kiti. Mbili. Sindano alijiapiza kuwa hatalia mbele ya sufuria.

Mkono mrefu ulipoufikia ule mfupi juu kabisa, mlango ukagongwa.

Alikuwa amesimama kizingitini, jasho likimtiririka, ile saa kubwa ya mbao amekumbatia kifuani. Hakuingia. "Naweza kusema sasa?"

"Sema."

"Nilipoirudisha nilivunja jino la gurudumu, na usiku ikasimama. Mama, nimeharibu saa yako. Itanichukua wiki kuitengeneza, na nilipaswa kukwambia habari za Sindano tangu siku ya kwanza. Nilikuogopa." Akamgeukia Sindano. "Na wewe niliogopa kukupoteza, nikafanya lile lile la kukupoteza. Sitaigusa saa yako tena. Yeyote akikuwekea sahani nje ya saa zako, nitakuwa wa kwanza kusema."

"Hata akiwa mama?"

Alimtazama mama yake. "Hata akiwa mama."

"Mama yupo hapa anasikia," mama alisema.

Sindano alichomoa sindano kwenye kimto na uzi mweusi. Fundi Saa akanyoosha mkono bila kufikiri, kama zile asubuhi.

"Acha. Naona mwenyewe."

Aliuingiza mara moja tu. Halafu akamsogelea, akaushika ukosi wa shati lake palipokuwa na kifungo kinachoning'inia, akakishona pale pale amesimama, taratibu, vidole vikigusa shingo ya mtu aliyekuwa hathubutu kupumua. Alipomaliza alikata uzi kwa meno. Midomo yake ilibaki hapo kwenye ukosi muda mrefu kuliko uzi ulivyohitaji.

"Ingia," alisema. "Umesimama juani vya kutosha."

Mama alifungua taulo, akagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko mara tatu, kwa nguvu, mpaka mpita njia akageuka. Akapakua. Sahani ya Sindano ilipata mwiko wa kwanza na wa pili. Wa tatu ukainuliwa, umejaa mpaka pomoni.

"Inatosha, mama."

Mwiko ulibaki hewani. Miaka thelathini ya kulisha watu ilikuwa imeushikilia pale, na mchuzi ulidondoka tone moja kwenye sakafu. Sindano hakuisogeza sahani. Hakuyashusha macho.

Mama akaugeuza mwiko na kuumwaga wote kwenye sahani ya mwanawe.

"Wewe kula," alimwambia. "Wewe huna sukari. Una uongo tu."